Tomi Amelazwa Ndani

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Vitambaa kumi na viwili vimechemshwa na kuanikwa. Mvua ikaja saa nane, nikavianua, nikavianika tena chini ya paa. Tomi amekunywa supu, vijiko sita. Hajatapika. Choo bado.

Siku ya pili tangu Njoroge aondoke. Mume wangu! Nimeandika maneno hayo na kucheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Wiki saba na siku mbili tangu harusi. Yuko upande wa Turbo na wenzake wa idara ya mifugo, wanachanja ng'ombe. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Fulana yake ya ndani nimeiweka chini ya mto. Sijaifua. Sitaifua.

Niandike maagizo nisisahau. Daktari wa mifugo alimpasua Tomi juzi Jumamosi, kwenye meza ya stoo ya dawa, Njoroge akimshika kichwa. Alisema mbwa alazwe ndani, pakavu, penye joto. Asirambe mshono. Kitambaa cha tumboni kibadilishwe asubuhi na jioni. Supu tu kwanza, kisha maziwa, kisha uji mwepesi. Nyuzi zitatolewa baada ya wiki mbili. Na neno moja alilirudia mara mbili akinitazama usoni: akipata choo, amepona. Asipopata mpaka Jumatatu ijayo, tarehe 14, nimrudishe afunguliwe tena. Mara ya pili hatavumilia. Alisema hivyo bila kupepesa macho.

Walimtoa gunzi la hindi. Zima. Njoroge alinionyesha likiwa kwenye beseni. Alikasirika sana. Alisema ni majirani wanaotupa magunzi kando ya ua, akaenda mpaka kwa Mama Wangari, nyumba ya pili, akamsemesha kwa ukali mbele ya watoto wake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sikusema kitu.

Nilimtupia mimi.

Yalikuwa mahindi mabichi ya kwanza mwaka huu. Nilichemsha, tukala na Njoroge kwenye ngazi, mabega yamegusana. Alipoingia ndani nililichovya gunzi kwenye mchuzi wa nyama nikampa Tomi. Nilitaka anipende. Alikuwa wa Njoroge kabla mimi sijawa wa Njoroge, na kila nikipita uani alinitazama kama mgeni aliyekawia kwenda kwao. Alilimeza bila kutafuna, akatikisa mkia. Nikafurahi mchana kutwa.

Akifa, mimi ndiye niliyemuua. Hakuna njia nyingine ya kuliandika.

Jumanne, 8 Agosti

Baridi. Mabati hayajanyamaza tangu asubuhi. Supu vijiko tisa. Amekojoa kwenye maranda niliyomwekea pembeni, akageuza uso kama mtu aliyefumaniwa. Choo bado.

Kwetu Kiambu mbwa haingii nyumbani hata mvua ya mawe inyeshe. Hapa Eldoret ni vile vile, awe Mkikuyu, awe Mnandi. Mimi mwenyewe kabla ya wiki hii sikuwahi kumgusa mbwa kwa mkono. Sasa huyu amelala chumba cha mbele, karibu na viti vya harusi, juu ya magunia mawili na blanketi la zamani la bweni langu. Majirani hawajui. Nimewaacha wafikiri amepelekwa Plateau, kwa wazazi wa Njoroge. Mlango naufunga. Nikiwa jikoni, kile kibanda cha mabanzi huko nyuma, naacha sufuria na kukimbia kumwangalia.

Shuka langu jeupe la shuleni ndilo nililolichana vipande vya mraba. Mwalimu wetu wa mambo ya nyumbani alitufundisha kuchemsha vitambaa vya kidonda robo saa na kuvianika juani. Jua ndilo sina.

Alianza kuramba mshono. Nimemvisha fulana ya Njoroge, ile ya chini ya mto. Miguu ya mbele kwenye mikono, shingo imetoka vizuri, tumbo limefunikwa. Imemkaa kuliko nilivyotarajia. Nimeona wivu. Wivu kwa mbwa! Nitamsimulia Njoroge akirudi, na atacheka kwa kile kicheko chake kinachoanzia puani.

Jumatano, 9 Agosti

Maziwa yameanza leo. Mama Chebet, Mnandi anayetuletea chupa moja kila asubuhi, nilimwomba aongeze ya pili.

“Ya nani, na bwana hayuko?”

Ningesema nini? Watoto hapa mtaani wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na mimi ninunue maziwa ya mbwa? Nikasema ni yangu.

Akanipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. Akamimina chupa ikajaa, akaongeza kidogo kwenye kikombe. “Kunywa basi, mama. Kunywa sana.” Akaenda zake akitabasamu.

Hajawahi kuniita mama. Labda ni kwa sababu nimeolewa. Nimelipenda neno hilo.

Mchana Tomi alilia. Sauti nyembamba, inapanda, inakatika. Niliketi chini nikampakata kichwa, nikamwimbia nyimbo zote za kanisani ninazozijua, kisha za shule, kisha zile za kulaza watoto. Amelala kwa hizo za watoto. Mguu umekufa ganzi na sikuthubutu kusogea.

Choo bado.

Alhamisi, 10 Agosti

Bado.

Barua fupi imeletwa na dereva wa idara, imeandikwa nyuma ya karatasi ya kuhesabia ng'ombe. “Tomi hajambo? Wewe hujambo? Huku matope mpaka magotini. Nakuota.” Nimeisoma mara kumi na tano. Kwa nini Tomi wa kwanza? Lakini “nakuota”! Ameiandika na kuipigia mstari.

Mama Wangari aliniita juu ya ua nilipokuwa natoka na ndoo. Nilidhani atanikumbusha maneno ya Njoroge. Hapana. Alisema nisibebe maji, atanibebea yeye. Akaleta madebe mawili, akayaweka mlangoni, hakupiga hodi, hakuuliza chochote. Mtu aliyetukanwa na mume wangu kwa kosa langu.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimeaibika leo mpaka masikio yakawaka moto. Niandike pole pole.

Saa nne asubuhi, watu getini. Nikachungulia dirishani. Wanawake saba, nguo za kanisani. Mama Wangari mbele, amebeba kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mama Chebet na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Wengine na masufuria ya uji, kikapu cha njahi, zile kunde nyeusi za mzazi, unga wa wimbi. Walisimama wakabishana, na hakuna aliyejali kushusha sauti.

“Tano ama tatu?”

“Kwanza ni kijana ama ni msichana? Mtu hapigi kigelegele kwa kubahatisha.”

“Mimi nilimsikia akilia juzi. Sauti ile ni ya kijana.”

“Amezaa kwa wiki saba? Huyu alianza kazi mapema.” Huyo ni Mama Kezia, ambaye hajawahi kunipenda.

“Nyamaza wewe. Sisi tumekuja na uji. Kuhesabu ni kazi ya mama mkwe.”

“Basi pigeni tano. Akiwa msichana, mbili ni zawadi.”

Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Hapo ndipo nilipoelewa. Vitambaa vyeupe kwenye kamba kila siku. Maziwa. Mlango uliofungwa. Kilio, halafu mimi naimba.

Wakapiga vyote vitano. Cha tano hakijaisha, ndani ya nyumba mbwa akabweka.

Getini watu wakatazamana.

Tomi aliruka kutoka kwenye gunia, akafika mlangoni, akaanguka ubavu. Damu ikatokea kwenye fulana. Nilipiga magoti nikamshika, nikafungua mlango kwa kiwiko, nikapiga kelele, “Ni mbwa! Ni mbwa tu! Ameshonwa!”

Mama Chebet ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye majani mabichi, kibuyu amekikumbatia. “Nimemwongezea mbwa maziwa! Kikombe kizima!” Wengine wakafuata. Mama Kezia alifunika sufuria yake, akasema uji wa mzazi haunywewi na mbwa, akarudi nao kwake. Waliobaki walisimama wakinitazama mimi na yule mbwa aliyevaa nguo.

Mama Wangari hakucheka. Alishusha kuni, akaja mpaka kizingitini, akasimama hapo. Ndani hakuingia. “Bonyeza na kitambaa. Usilegeze. Hesabu mpaka mia, kisha hesabu tena.” Nikahesabu. Alisimama muda wote huo. Damu ikakoma. Uzi mmoja umekatika, kumi zimeshika.

Kisha akaniambia la mwisho. Bwana wake anaendesha lori la mbao. Jana alipita Plateau, akasimama shambani kwa wazazi wa Njoroge kuwapongeza kwa kupata mjukuu.

Mama mkwe. Wiki saba. Mungu wangu.

Kuni ameziacha mlangoni. Ndio mzigo mzito kuliko yote iliyoletwa.

Choo bado. Siku nne zimebaki, nikihesabu leo. Hapana. Tatu.

Jumamosi, 12 Agosti

Amekuja.

Saa saba, kwa lori, mvua inanyesha. Kiondo mgongoni, mwavuli mweusi, viatu mkononi. Baba mkwe amebaki kuwangoja wapimaji. Shamba la mzungu walilonunua na kundi lao linakatwa vipande mwezi huu, na asiyekuwepo hajui atapewa bonde ama mawe. Kwa hiyo Mama ameacha jambo kubwa kuja kwangu. Nalijua hilo.

Alinitazama tumbo. Kisha kifua. Kisha uso.

“Mtoto yuko wapi?”

“Hakuna mtoto, Mama. Kuna mbwa.”

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye mvua. Yote isipokuwa gunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kwenye kiondo kichupa cha mafuta ya mbarika, yale ya kumpaka mtoto mchanga, akakiinua mbele ya macho yangu.

“Nimepanda lori tangu asubuhi, hiki nimekishika kwapani kisipoe. Nimekuja kumpaka mbwa?”

Akakirudisha kwenye kiondo.

“Na wiki hizo saba, njia nzima nilizihesabu. Dereva aliniuliza kama naumwa.”

Nililia hapo. Nadhani alinionea huruma kidogo, maana alishusha sauti. Akasogea mlangoni. Akamwona Tomi kwenye gunia, kando ya viti vya harusi, ndani ya fulana ya mwanawe.

“Mbwa akivaa fulana, mume atavaa nini?”

Kisha akasema mbwa atolewe, ndipo aingie. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba uondoe ndoo njiani.

Nikasema hapana.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana, hata mwalimu. Nilisema daktari aliagiza alale ndani, nje kuna mvua, uzi mmoja umekatika tayari, na mpaka Jumatatu hatoki hata nikifukuzwa mimi. Mama akageuka, akaenda jikoni, akaketi kando ya mafiga. Chai nilimpelekea huko. Aliinywa. Kitanda changu alikikataa. Nimempelekea godoro, mablanketi yote na taa.

Kwa hiyo mama wa mume wangu analala jikoni, na mbwa analala sebuleni. Nimejiandikia mwenyewe nione lilivyo. Ni baya.

Njoroge, nisamehe. Nimebaki na mambo mawili ya kuombea msamaha, na hili ndilo dogo.

Tomi amekataa maziwa jioni. Tumbo limekaza. Choo bado.

Jumapili, 13 Agosti

Ninaandika haraka, kwa furaha!

Asubuhi Mama alikuja mlangoni na bakuli la uji wa wimbi, mwepesi, vuguvugu. Akalisukuma ndani kwa ncha ya mwavuli. “Mpe.” Tomi akanusa, akalamba mara mbili, akaacha. Nikamwambia Mama kwamba hatakula tena, kesho atafunguliwa, na akifunguliwa atakufa. Akaniuliza kwa nini afunguliwe. Nikasema kwa sababu hajapata choo tangu Jumamosi ile aliyopasuliwa.

“Unamngojea apate wapi?”

Nikamwonyesha maranda pembeni.

Mama akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliketi kwenye ngazi, akaweka mkono kichwani na kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

“Muhiki,” akasema. Bado ananiita hivyo, bibi arusi. “Huyu mbwa nimemlea mimi, kabla Njoroge hajahamia huku. Alikuwa mdogo kama kiatu. Siku ya kwanza alichafua karibu na ghala, nikamchapa na mwiko. Hajarudia. Penye paa hafanyi. Mvua inyeshe, yeye anatoka. Umemfungia siku nane katika nyumba yenye kitambaa cha meza, na unataka ajisaidie? Ana haya kuliko watu wengi ninaowajua.”

“Lakini daktari alisema alale ndani.”

“Alale. Alisema afungwe?”

Nimefika kidato cha nne. Nilishika agizo neno kwa neno na sikufikiri hata mara moja kwamba mbwa naye ana maagizo yake.

Hawezi kushuka ngazi. Tukamweka katikati ya gunia, Mama akashika ncha mbili, mimi mbili. Ili ashike ilibidi aingie ndani. Aliingia. Mimi sikumtazama miguu. Tulimbeba mpaka nyuma ya ua, kwenye nyasi ndefu. Manyunyu yalikuwa yanaanza. Mama akafungua mwavuli wake wa kanisani akaushika juu ya mbwa, yeye mwenyewe akilowa bega.

Tomi alisimama. Miguu ya nyuma ilicheza. Akanusa hapa, akanusa pale. Akazunguka mara moja, mara mbili. Mama akanishika mkono, akanigeuza. “Usimtazame usoni, mtu wangu. Mpe nafasi.” Tukasimama tumempa mgongo, wanawake wawili chini ya mvua, mwavuli umenyooshwa nyuma kama tumemsahau.

Nikasikia nyasi zikikwaruzwa.

Mama ndiye aliyegeuka kwanza. “Haya.”

Choo! Kidogo, cheusi, kigumu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Ninajua ninachoandika. Nilitaka kupiga kigelegele na mdomo ulikuwa umeshafunguka, Mama akanifunika kwa kiganja. “Watakuja tena na uji!”

Nilimkumbatia. Alikuwa amelowa na ananuka moshi wa jikoni. Nikamwambia kuhusu gunzi, hapo hapo, maneno yakinitoka bila mpango: mchuzi, na nilivyonyamaza, na Njoroge alivyomsema Mama Wangari. Alinisikiliza akikunja mwavuli.

“Hilo ni la mume wako. Na la jirani. Mimi nilikuja kuona mtoto.”

Tukambeba Tomi, tukamrudisha ndani. Amemaliza bakuli la uji.

Jumatatu, 14 Agosti

Choo mara mbili. Nimepeleka habari ofisini kwa mguu. Daktari alisema vizuri, akaendelea kuandika. Vizuri tu! Nilitaka aruke.

Mama analala kwenye kitanda changu, upande wa Njoroge. Anakoroma. Asubuhi alipita karibu na Tomi akamwambia asogeze mkia. Akausogeza.

Jumanne, 15 Agosti

Mama ameondoka na lori la mbao. Wapimaji wamefika Plateau, Baba ametuma ujumbe. Mama amenifundisha kupika njahi bila kuivunja. Mafuta ya mbarika ameyaweka juu ya kabati, nyuma ya picha ya harusi. Sikuuliza. Niliona haya, nikaona raha pia.

Alhamisi, 17 Agosti

Jua siku nzima. Tomi ameshuka ngazi mwenyewe. Anakula ugali laini.

Kesho! Nimeosha nywele. Nimepiga pasi gauni la bluu. Nimefua pazia ambalo halikuwa chafu. Moyo unanidunda kana kwamba ni harusi nyingine, halafu nakumbuka nitakalomwambia, na naketi chini.

Ijumaa, 18 Agosti

Alifika saa kumi na moja, matope mpaka kiunoni, amekonda, mzuri kuliko nilivyomkumbuka. Tomi alimlilia. Mimi pia.

Nilimwambia kabla hajavua buti. Nilijua nikimngojea ale, nitangoja aoge, kisha nitangoja alale, kisha mwaka utakwisha. Nilisema, gunzi lile nilimpa mimi, na nikakuacha umseme Mama Wangari.

Alivua buti. Akatoka kumwangalia Tomi, akakaa huko muda mrefu, nikiona mgongo wake tu kupitia dirisha. Aliporudi alikula bila kuongea. Ni mara ya kwanza tumekula hivyo. Sikujua nyumba ndogo hivi inaweza kuwa kubwa kiasi hicho.

Baada ya chai akasema hakukasirikia gunzi. Gunzi ni bahati mbaya, mtu yeyote hutupa kitu. Amekasirika kwa sababu alisimama mbele ya watoto wa mtu akamwita mchafu, na mimi nilikuwa najua. Ana haki. Nilimwambia ana haki. Akanishika mkono, lakini hakucheka.

Jumamosi, 19 Agosti

Tumeenda kwa Mama Wangari, wawili, asubuhi. Njoroge aliomba msamaha kwanza, nikamzuia katikati nikasema mimi ndiye. Watoto walisimama mlangoni wakisikiliza. Niliona ni sawa wasikie.

Mama Wangari alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua.

“Mimi nilijua si langu. Huku gunzi halitupwi. Likikauka ni kuni. Ni nani anatupa kuni?” Akanitazama. “Ni mtu wa Kiambu tu anayefanya hivyo. Nikasema, ni mgeni, atasema mwenyewe siku moja. Umekawia.”

“Nimekawia.”

“Lakini umekuja.” Akamgeukia Njoroge. “Na wewe, daktari wa ng'ombe, ukitaka kunigombeza tena, niite kando.”

Njoroge akasema ndiyo, Mama. Kama mtoto wa shule. Nilimpenda sana wakati huo, kichwa kimeinama, kofia mikononi. Mama Wangari akatupatia maharagwe tupeleke nyumbani.

Alasiri Njoroge alitoa nyuzi. Kumi. Nilishika kichwa. Nilijua kukishika sasa. Tulipokuwa tunaosha mikono kwenye beseni moja alinimwagia maji usoni, na hapo alicheka, kile kicheko cha puani. Basi.

Jumapili, 20 Agosti

Tumeenda kanisani. Mama Kezia alinisalimu. Kwa shingo upande, lakini alinisalimu.

Tomi yuko uani tangu asubuhi. Nywele za tumbo zimeanza kuota. Mvua ilipoanza saa kumi nilifungua mlango nikamwita. Gunia lake lilikuwa bado pale kando ya viti. Alikuja mpaka chini ya ngazi, akanitazama, akatikisa mkia. Nikamwita tena. Hakupanda. Akazunguka nyumba, akalala mahali pake chini ya ghala letu la mahindi, pakavu, kichwa juu ya miguu.

Njoroge alisema nimwache, ndivyo alivyo. Najua ndivyo alivyo.

Nimechukua gunia, nimempelekea. Nikaketi kidogo hapo chini naye, nimekunja magoti, mvua ikidondoka mbele yetu. Alisogea akaegemea paja langu. Hakunitazama. Baadaye Njoroge akaita kwamba chai inapoa, nikaenda.